Namba ya Shati la Owino

Robota la mitumba linapofunguliwa katika soko la Owino, Kampala, pamoja na mashati hutoka swali ambalo waandishi wa programu za kompyuta wamehangaika nalo tangu miaka ya 1980. Kamba za plastiki zinakatwa, gunia linachanwa, na nguo zilizobanwa kwa mashine huko ng'ambo zinafumuka juu ya turubai. Shati moja ni la buluu lenye mistari myeupe, limepungukiwa na kifungo cha tatu. Chini yake kuna jingine la buluu lenye mistari myeupe, vifungo vyote vipo, ila kola imefifia. Saizi ni moja, nembo ni moja. Bei si moja.

Katika duka la nguo mpya mashati hayo yangeandikwa kwenye mstari mmoja wa hesabu: aina fulani, vipande viwili. Ndivyo misimbopau inavyofanya kazi. Wa kwanza kusomwa dukani, tarehe 26 Juni 1974 katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, ulikuwa kwenye pakiti ya chingamu ya Wrigley's, na ulichosema ni aina ya chingamu basi. Pakiti zote za aina ile zilibeba msimbo uleule, na hakuna aliyejali ni ipi iliyouzwa. Owino hapana. Huko mteja anachagua shati hili, siyo shati la aina hii, na likishaondoka halipo tena.

Soko lenyewe lilianza mwaka 1971 kando ya uwanja wa Nakivubo, na mara nyingi hutajwa kuwa na wafanyabiashara wapatao 50,000. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Joseph Mukasa Balikuddembe, shahidi Mkatoliki aliyeuawa Buganda mwaka 1885. Mwenye bodaboda ukimtajia jina hilo atakufikisha, lakini yeye mwenyewe atasema Owino. Soko ni lilelile, wateja ni walewale, liitwe vyovyote. Programu ya kompyuta nayo inatakiwa ifikie hali hiyo: iwe na njia ya kukishika kitu kimoja bila kutegemea jina lake, rangi yake, bei yake wala mahali kilipo, kwa maana vyote hivyo hubadilika.

Tuseme kijana wa Kampala ameombwa na muuzaji wa mashati amwandikie programu ya simu ya kutunza mali. Akilitambua shati kwa sifa zake, "buluu, mistari, saizi ya kati", keshagongana na shati la pili kabla robota halijaisha. Akiongeza sifa, "kifungo cha tatu hakipo", fundi wa kona ya pili atashona kifungo kingine kabla ya saa sita, na sifa itakuwa ya uongo. Hapo kijana atafikia uamuzi ambao wenzake wote duniani wameufikia: kitu kipewe namba isiyo na maana yoyote, itolewe na programu yenyewe pale kitu kinapoingizwa, na isibadilike hadi mwisho.

Swali ni namba hiyo itoke wapi.

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kuhesabu: shati la kwanza 1, la pili 2, na kuendelea. Hifadhidata karibu zote zinazotumika ofisini, MySQL na PostgreSQL zikiwemo, zina kihesabio cha aina hii ndani yake, na kwa duka moja lenye kompyuta moja hakuna kinachokishinda kwa urahisi. Namba ni fupi, inasomeka na inaandikika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi. Ubaya wake ni kwamba lazima mtu mmoja tu ashike hesabu. Mwenye kizimba yuko Owino na simu yake, mdogo wake yuko stoo na simu nyingine, na mtandao umekatika. Wote wawili waliishia 411. Mwenye kizimba anaandika koti, namba 412. Mdogo mtu anaandika suruali, namba 412. Mtandao unaporudi, seva inapokea 412 mbili, na programu iliyoandikwa kwa haraka itafanya jambo baya kuliko yote: itaifuta ya kwanza na kuweka ya pili mahali pake, kimya kimya. Koti limetoweka kwenye vitabu, ingawa bado linaning'inia mbele ya wateja.

Kihesabio kina udhaifu mwingine ambao hauhusiani na mtandao: kinahitaji kukumbuka kilipofika. Owino imewahi kuungua mwaka 2009, ikaungua 2011 na tena 2013. Daftari likiungua, au simu ikiibwa bila nakala, hesabu inaanza upya na namba za zamani zinarudi kupewa nguo mpya. Na hata pasipo moto, kihesabio kinaweza kufika ukingoni. Kompyuta ikitengewa biti 32 za kuhifadhi namba yenye alama ya chanya au hasi, haiwezi kupita 2,147,483,647. Novemba 2018 programu ya Basecamp ya Marekani iligonga ukuta huo kwenye jedwali moja la kumbukumbu zake, na kwa karibu saa tano wateja waliweza kusoma kazi zao tu, bila kuandika chochote kipya.

Dawa ya kienyeji ya tatizo la simu mbili inajulikana: mpe kila mtu herufi yake. Simu ya kizimbani iandike A412, ya stoo iandike B412. Hii si mbinu ya kubezwa, maana ndiyo inayozipa simu zenyewe namba. Ukibonyeza *#06# unaona namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Nane za mwanzo zimetolewa kwa aina ya simu, sita zinazofuata kiwanda kinajihesabia chenyewe, na ya mwisho ni ya kukagua makosa. Kiwanda hakihitaji kumpigia mtu simu kila kinapokamilisha kifaa, kwa kuwa kimekatiwa eneo lake na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulima humo.

Lakini IMEI inaonyesha pia kwamba namba ya pekee haijilindi yenyewe. Viwanda vya simu bandia vilinakili namba za wengine au kubuni zisizokuwepo. Kenya ilianza kuzizima simu za namna hiyo mwishoni mwa Septemba 2012, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ikafuata usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Kutoa namba isiyojirudia ni kazi moja. Kuhakikisha kwamba aliyenayo ndiye mwenyewe ni kazi nyingine kabisa, na watu wengi, wakiwemo waandishi wa programu, huzichanganya.

Kugawa maeneo kunataka mgawaji. Lazima awepo mtu wa kusema wewe ni A, yeye ni B, na wa kukumbuka kwamba B aliacha kazi mwezi uliopita na herufi yake isipewe mtu mwingine. Kwa simu mbili ni sawa. Kwa simu maelfu zinazoingia na kutoka, kazi hiyo inageuka ofisi. Ndipo wahandisi wakauliza swali linaloonekana la kizembe: vipi kila mmoja akiokota tu namba yoyote bila kumwuliza mtu, ila aiokote kwenye rundo kubwa mno?

Ukubwa wa rundo ndio jambo lenyewe. Muuzaji akiamua kila shati lipewe tarakimu nne za kubahatisha, ana namba 10,000 za kuchagua, na anaweza kudhani migongano itaanza akikaribia shati la elfu kadhaa. Sivyo. Akifika shati la 120, uwezekano kwamba mawili kati yao yana namba moja umeshapita nusu. Robota la kilo 45, kwa shati la robo kilo, ni mashati 180, kwa hiyo atagongana ndani ya robota lake la kwanza pengine. Hesabu hii ndiyo inayofanya darasa la wanafunzi 23 liwe na nafasi ya zaidi ya nusu ya kuwa na wawili waliozaliwa tarehe moja. Akili ya binadamu huikataa, kwa sababu kila mtu anajifikiria yeye dhidi ya wengine, wakati mgongano unaweza kutokea kati ya wawili wowote.

Basi rundo likuzwe. Kampuni ya Apollo Computer ya Marekani, iliyokuwa ikiunganisha kompyuta nyingi kwenye mtandao mmoja katika miaka ya 1980, ilianza kutumia vitambulisho virefu ambavyo kila mashine ilijitolea yenyewe. Wazo hilo lilipita mikono kadhaa hadi likawa kanuni rasmi ya intaneti mwezi Julai 2005, chini ya jina la UUID. Kitambulisho kimoja ni biti 128, na kikiandikwa kwa ajili ya macho ya watu huwa tarakimu na herufi 32 zilizogawanywa kwa vistari vinne. Kwenye toleo la nne, ambalo ndilo lililoenea, biti sita zimetengwa kutaja aina na 122 zilizobaki ni za kubahatisha. Idadi ya namba zinazopatikana ina tarakimu 37.

Tupeleke hesabu hiyo sokoni. Wafanyabiashara 50,000, kila mmoja akiipa namba mpya nguo 1,000 kila siku, Jumapili zikiwemo, kwa miaka 100. Uwezekano kwamba katika miaka yote hiyo nguo mbili tu, mahali popote sokoni, zitapata namba moja ni chini ya mara moja kwa trilioni tatu. Hakuna anayesimamia, hakuna seva ya kuulizwa, hakuna herufi za kugawa. Simu iliyozimiwa data chini ya kizimba inaweza kutoa namba kwa uhakika uleule wa kompyuta ya benki.

Uhakika huo una sharti moja: bahati iwe bahati kweli. Kompyuta haina karata za kuchanganya, inategemea vyanzo kama mishtuko midogo ya vifaa vyake, na mtu akivuruga chanzo hicho mnara wote unaanguka. Mei 2008 ilibainika kwamba badiliko dogo lililofanywa mwaka 2006 kwenye mfumo wa Debian lilikuwa limezifanya funguo za siri zilizotolewa na kompyuta zake zitoke kwenye orodha ya 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa. Zilikuwa ndefu, zilionekana za ajabu, na zilikuwa zikijirudia duniani kote.

Kwa mwenye kizimba, yote haya yanakuwa pesa pale mteja anapolipa. MTN ilianzisha huduma yake ya pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, na leo programu ya dukani inaweza kuomba malipo moja kwa moja kutoka kwenye mfumo huo. Kanuni za MTN kwa watengenezaji wa programu zina sharti moja la kuvutia: ombi la malipo lazima libebe UUID ya toleo la nne, na kitambulisho hicho anakitoa muuzaji, siyo MTN. Namba inazaliwa kizimbani kabla pesa haijasogea.

Sababu inaonekana mtandao unapokorofisha. Programu inatuma ombi la shilingi 15,000. MTN hujibu kwanza kwamba ombi limepokelewa, jambo ambalo si sawa na kulipwa, na simu ya mteja inamwuliza namba yake ya siri. Sasa fikiria jibu hilo limepotelea njiani. Programu haijui kama ombi lilifika. Ikituma jingine lenye kitambulisho kipya, mfumo utaona mauzo mawili, na mama wa watu ataulizwa namba ya siri mara mbili kwa shati moja. Ikituma tena lilelile lenye kitambulisho kilekile, mfumo utalikataa na kueleza kwamba namba hiyo ipo tayari. Kisha muuzaji anaitumia namba hiyo hiyo kuuliza: je, imelipwa, imekwama, au bado inasubiri? Mtu aliyewahi kusimama mbele ya kizimba akibishana kama pesa imeingia au haijaingia atatambua thamani ya jibu hilo.

Ng'ambo ya mpaka, Safaricom walichagua njia tofauti kwa risiti za M-Pesa, huduma waliyoianza Machi 2007. Msimbo unaokuja kwenye ujumbe una herufi na tarakimu kumi, nao unatolewa na mfumo wenyewe. Wakenya wengi wameshagundua kwamba mwanzo wake unasomeka. Katika mfano ambao Safaricom wenyewe wamewawekea watengenezaji wa programu, risiti NLJ7RT61SV ni ya tarehe 19 Desemba 2019. N ni mwaka, kwa kuhesabu herufi moja kwa kila mwaka: 2020 ukawa O, 2021 ukawa P. L, herufi ya kumi na mbili, ni Desemba. J ni siku ya 19, maana siku tisa za kwanza huandikwa kwa tarakimu, ya kumi ni A, na kuendelea. Muuzaji wa soko la Gikomba, Nairobi, akionyeshwa ujumbe wa malipo "ya sasa hivi" wenye herufi za mwezi uliopita, ana haki ya kuushika mzigo wake.

Inapendeza kwamba wahandisi wa intaneti nao walikuja kuelekea huko huko. UUID za kubahatisha zina kasoro moja inayowaudhi wasimamizi wa hifadhidata. Kumbukumbu huhifadhiwa kwa mpangilio wa namba zake kwenye kurasa, na namba za kubahatisha zinaangukia popote, kwa hiyo kila shati jipya linailazimu kompyuta kufungua ukurasa mwingine. Jedwali likiwa na mamilioni ya mistari, kazi inazorota. Mei 2024 kanuni mpya, RFC 9562, iliruhusu toleo la saba, ambalo biti zake 48 za mwanzo ni saa: idadi ya milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Zinazofuata, ukiacha zile sita za aina, ni za kubahatisha kama zamani. Vitambulisho vipya sasa vinapanga foleni vyenyewe mwishoni mwa kitabu.

Hiki hapa kimoja: 0190a5e2-7c41-7b3e-9f02-5d8c1e64ab37. Ile 7 inayoanza kundi la tatu inataja toleo. Vibambo kumi na viwili vya mwanzo, vikigeuzwa kuwa hesabu ya kawaida, vinasema kilizaliwa Ijumaa tarehe 12 Julai 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi kwa saa za Kampala, na sekunde moja na ushei. Kwa anayetaka kujua robota lilifunguliwa lini, taarifa hiyo imekuja bure. Kwa asiyetaka wengine wajue, imevuja.

Kuvuja huko kuna historia ndefu kuliko kompyuta. Katika Vita Kuu ya Pili wanatakwimu wa upande wa Uingereza na Marekani walikusanya namba za mfululizo kutoka kwenye vifaru vya Wajerumani vilivyotekwa, wakakadiria kwamba kati ya Juni 1940 na Septemba 1942 viwanda vilikuwa vikitoa vifaru 246 kwa mwezi. Majasusi walikuwa wakisema 1,400. Baada ya vita kumbukumbu za Wajerumani zilionyesha 245. Mpinzani wa kizimba cha jirani anaweza kufanya hesabu ndogo ya aina hiyo: anunue soksi Jumatatu, risiti namba 3,050, na leso Jumamosi, risiti namba 3,410. Wiki ya mwenzake keshaijua.

Na mtandaoni hasara ni kubwa zaidi. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba nyaraka zipatazo milioni 885 za kampuni ya First American ya Marekani, zinazohusu mikopo na hati za nyumba, zingeweza kusomwa na yeyote aliyebadilisha tarakimu moja kwenye anwani ya ukurasa, maana namba zilikuwa za kufuatana. Kosa kuu lilikuwa kutokuweka mlinzi mlangoni, na hilo UUID isingeliponya. Ingewazuia tu wapita njia kuhesabu milango. Toleo la kwanza la UUID nalo lilikuwa na uvujaji wake: lilichanganya saa, iliyohesabiwa tangu tarehe 15 Oktoba 1582 kalenda ya Gregori ilipoanza, na anwani ya kadi ya mtandao ya kompyuta husika. Kirusi cha Melissa kilipoenea kwa barua pepe mwaka 1999, kitambulisho cha namna hiyo ndani ya faili la Word kilikuwa miongoni mwa nyayo zilizofuatwa kumtafuta aliyekiandika.

Kitu kimoja ambacho vitambulisho virefu haviwezi ni kutamkwa. Hakuna mtu atakayempigia mdogo wake kelele juu ya vichwa vya wateja amletee 0190a5e2-7c41 na mengineyo. Hapa hospitali za Afrika Mashariki zilitangulia masoko. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, humpa kila mgonjwa UUID kwa ajili ya mashine, na pembeni yake huweka namba fupi ya kadi kwa ajili ya watu. Mojawapo ya mifumo yake ya namba fupi hutumia vibambo 30 tu: tarakimu zote kumi na herufi 20, bila B, I, O, Q, S na Z. Karani aliyechoka husoma B kama 8, S kama 5 na Z kama 2. Namba za magari za Kenya nazo huruka I na O kwa sababu hiyohiyo.

Mwishoni mwa namba fupi huwekwa kibambo cha kukagua. Hesabu maarufu zaidi ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeombea hataza mwaka 1954, na ndiyo inayotoa tarakimu ya mwisho ya IMEI. Kwa shati namba 412 inakwenda hivi. Anzia kulia, zidisha mara mbili kwa kuruka moja: 2 inakuwa 4, 1 inabaki 1, 4 inakuwa 8. Jumla ni 13, na ili kufikia kumi inayofuata, yaani 20, inahitajika 7. Lebo inaandikwa 4127. Mtu akikosea akabonyeza 4217, jumla itakuja 19, haigawanyiki kwa kumi, na simu itakataa kabla ya kuuza shati la mtu mwingine. Hesabu ya kufanywa kichwani, na bado programu nyingi za maduka hazina.

Serikali huja na mahitaji yake. Tangu Januari 2021 wafanyabiashara wa Uganda waliosajiliwa kwa VAT wanatakiwa kutoa risiti kupitia EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato, na kila risiti hubeba namba ya hati inayotoka kwenye mfumo huo pamoja na msimbo wa kuithibitisha. Aprili 2024 wenye maduka katikati ya Kampala waligoma kufungua, EFRIS ikiwa kero mojawapo. Kwa mtazamo wa kihandisi tu, ofisi ya kodi haiwezi kuridhika na namba ambayo kila duka linajiokotea. Mkaguzi anataka mfululizo usio na pengo, kwa sababu pengo humwambia kuna risiti imefichwa. Mwandishi wa programu, kwa upande wake, anajua kwamba hata kihesabio cha hifadhidata huacha mapengo: muamala ukianza, ukachukua namba 413, kisha ukavunjika, namba hiyo hairudi. Hivyo shati moja linaweza kuondoka sokoni na namba tatu, moja ya mashine, moja ya lebo, moja ya kodi, na hakuna inayoweza kufanya kazi ya mwenzake.

Ugumu wa kweli unaanza kwa mafundi cherehani. Owino imejaa vyerehani, na suruali ndefu inaweza kuwa kaptura kabla ya jioni. Je, ni kitu kilekile? Programu nyingi zitasema ndiyo: namba ibaki, maelezo yabadilike. Na kitambaa kilichokatwa kikishonwa mfuko? Huo ni kitu kipya, unapewa namba mpya yenye kumbukumbu ya suruali uliyotoka. Bobby Kolade, mbunifu wa Kampala mwenye lebo ya BUZIGAHILL, ameufanya ubishi huu kuwa biashara: kwenye mradi wake uitwao Return to Sender, mitumba inachambuliwa, inakatwa na kuunganishwa upya kuwa mavazi mengine, kisha inauzwa huko huko ilikotoka. Vazi moja linaweza kuwa na wazazi kadhaa. Kihesabio cha 1, 2, 3 kinaweza kuliandika, lakini ukoo wake unahitaji jedwali la pili, la nani ametoka kwa nani, na hapo namba isiyobeba maana yoyote inaonyesha faida yake, kwa kuwa hakuna cha kusahihisha ndani yake suruali inapogeuka mfuko.

Umoja wa Ulaya sasa unataka nguo zije na namba zao tangu kiwandani. Kanuni yake ya 2024/1781, iliyoanza kutumika tarehe 18 Julai 2024, inaweka msingi wa pasipoti ya kidijitali ya bidhaa, na nguo zimo kwenye kundi la kwanza lililopangiwa. Miaka ikipita, mashati hayo yatabanwa kwenye marobota na kufika Nakivubo, lebo zikiwa bado zimeshonwa au zimeshakatwa. Kanuni inaruhusu pasipoti itolewe kwa modeli, kwa shehena moja ya uzalishaji, au kwa kila kipande. Za aina mbili za kwanza hazitaweza kutofautisha shati lenye kifungo pungufu na lenye kola iliyofifia, na muuzaji wa Owino atalazimika kuyapa namba zake mwenyewe.